Ulimi wa Kimya

3 Februari

Shangazi yangu,

Kaa kitako kwanza. Barua hii unayoishika imeandikwa na mtu ambaye akipiga chafya katika mji huu, watu wanauliza chafya hiyo iko kwenye albamu gani. Sikudanganyi. Juzi nimenyolewa, kinyozi akazikusanya nywele zangu akazifunga kwenye gazeti, nikamuuliza za nini, akasema za kumbukumbu. Nimekuwa mkubwa mpaka viatu vyangu vinaniamkia.

Haya, shikamoo. Goti linasemaje? Bibi bado anagombana na redio, akidhani mtangazaji anamjibu jeuri? Wasalimie akina mama wote wa chumba cha kufulia, hasa yule wa kwenye pasi aliyesema nitaishia kuuza maji barabarani. Mwambie maji siku hizi nanunua, tena ya chupa.

Najua utashangaa kuona mwandiko huu wa kuku aliyekanyaga wino. Barua zote alikuwa akiandika Kimya, mimi kazi yangu ilikuwa kulamba stempu. Leo nimeshika kalamu mwenyewe, kwa hiyo nisamehe. Unajua niliacha shule mwalimu akiwa ndiyo kwanza anakaribia sehemu tamu.

Sasa sikia. Ule wimbo wetu, "Mashine ya Tatu", unapigwa redioni asubuhi, mchana na jioni kama dozi. Ndiyo ile mashine yako ya kufulia, ya tatu kutoka mlangoni, yenye mguu mbovu unaogonga sakafu ikikamua mashuka. Kugonga huko ndiko mdundo wenyewe. Wenzetu wanaimba magari ambayo hawajawahi hata kuegemea. Sisi tunaimba mashuka ya hospitali, foleni ya dawa na mlinzi anayesinzia amekumbatia rungu. Mwanzoni walisema hii siyo hip-hop, haya ni malalamiko yaliyotiwa ngoma. Sasa hao hao wanaimba neno kwa neno na wanasahihishana wakikosea.

Studio ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Mwenyewe tunamwita Bosi Kofia, maana anavaa kofia hata akinawa uso. Ukutani kumebandikwa trei za mayai kuzuia kelele, na feni tunaizima tukirekodi kwa sababu inakoroma. Kila mstari wangu mtamu umeimbwa na mtu anayechuruzika jasho. Bosi anataka nyimbo sita nyingine haraka.

Kimya hajambo, anakusalimu. Ana kazi nyingi.

Wako mwenye sifa zake,
Domo

20 Februari

Mwanangu Domo,

Marahaba, ingawa shikamoo iliyotanguliwa na chafya sijui inapokelewa kwa mkono upi.

Sisi tupo. Goti limeamua kwamba ngazi siyo mambo yake, kwa hiyo nimeombewa niwe nakunja mashuka nimekaa. Bibi yako anakula vizuri, lakini masikio sasa ni mapambo tu. Juzi nimemwambia umeandika, akajibu hataki chai.

Wimbo umefika kwetu. Ulipopigwa mara ya kwanza tulikuwa tunapakia mashine. Mama wa pasi akasimama, akaangalia ile ya tatu, akaangalia redio, akasema, "Huyu kamrekodi mgonjwa wetu." Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nani amekufa. Nikalia kidogo, usimwambie mtu. Mimi mashine ile nimeichukia miaka kumi na minane, kumbe mwanangu alikuwa anaisikiliza.

Basi nimekusifu, sasa nikuulize. Kimya ameniandikia kila baada ya wiki mbili tangu muondoke hapa. Barua yake ya mwisho ni ya mwezi wa kumi na moja. Ningekuwa mama wa mtoto mwingine ningesema amenogewa. Lakini wewe unajua, na mimi najua, kwamba simu haiwezi. Akiishika, maneno yanamkwama kooni mpaka anatoka jasho, na watu wanamkatia. Kwenye karatasi hana kigugumizi. Karatasi ndiyo mdomo wake. Kama haandiki, basi hasemi na mtu.

Nilipowaaga nilikuambia wewe utakuwa ulimi wake, yeye atakuwa masikio yako. Mwambie aandike mstari mmoja. Hata akiandika "Mama" peke yake, mimi nitasoma vya kutosha.

Shangazi yako

17 Machi

Shangazi mwenye goti la kifalme,

Shikamoo tena, hii haina chafya. Nimefurahi umekalishwa kitini. Mtu aliyemlea Domo alitakiwa kukalishwa kitini zamani.

Mimi nashindwa hata kununua mkate. Natoka mlangoni, watoto wa shule wananifuata wakigonga madaftari, du, du-ka, du, ule mdundo wa mguu mbovu. Muuza maandazi amebandika picha yangu kwenye kioo cha sanduku, imeingia mafuta, nimekuwa mweusi wa kung'aa kuliko nilivyo. Gazeti limeandika kwamba nimefungua mlango mpya katika muziki huu. Nikalikata, nikalibandika juu ya kitanda, likaanguka, nikalibandika tena.

Kuhusu Kimya, usiwe na wasiwasi, ni kazi tu zimembana. Nimemkalisha chini nikamwambia andika, na ameandika. Ninaiweka humu humu.

Domo

"Mama yangu mpendwa, mimi ni mzima kama chuma cha reli. Mji huu ni mkubwa sana na watu wake wanatupenda sana. Domo ananitunza vizuri mno, kwa kweli bila yeye sijui ningekuwaje, ni mtu wa pekee. Nina kazi nyingi za midundo. Usinifikirie. Nitaandika nikipata nafasi. Mwanao, Kimya."

29 Machi

Domo,

Hatujambo. Bibi anakohoa kidogo. Mvua imeingia ghalani, mashuka mapya yameota ukungu, tumeyafua yote upya.

Nimeisoma barua uliyoniwekea. Nimeisoma nikiwa nimesimama, goti na vyote. Mwanangu, ukitaka kuiba kuku, walau usiende sokoni na manyoya mdomoni. "Domo ni mtu wa pekee." Mwanangu Kimya amekupenda tangu mlipokuwa mnagombania sufuria, lakini hata siku moja hajakusifu, na ndiyo maana unampenda.

Nitakuonyesha anavyoandika. Hii hapa ni ya mwezi wa kumi: "Mama, kwenye jengo tunapofanyia kazi kuna mlango wa chuma unaoanza kulia kabla hujaugusa. Jana nimekaa karibu nao saa nzima. Unalia mara mbili kwa watu wanene na mara moja kwa Domo, kwa sababu yeye hupita akikimbia. Nimeurekodi. Nadhani utaupenda." Ndivyo anavyoandika. Hajui kuniambia yuko mzima. Ananiambia amesikia nini, na mimi najua ni mzima.

Simu yako naambiwa haipatikani. Msimamizi amenipigia mara nne.

Sikuulizi kama hajambo. Nakuuliza yuko wapi.

Shangazi

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Najua miezi miwili imepita. Nilikuwa ziarani, tumezunguka miji saba, kuna mahali walivunja uzio ili wanione. Nilitaka nikuandikie kutoka kila mji, lakini kalamu na mimi unajua hatusikilizani.

Natumaini Bibi ameacha kukohoa, na ukungu umetoka.

Barua ile niliandika mimi. Haya, nimesema. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili isifanane, nikajiona mjanja kuliko wajanja. Mama wa pasi akisikia atanicheka mpaka azeeke, na ana haki.

Kimya hayupo hapa. Alihama. Tulipishana kidogo mwezi wa kumi na moja, akachukua vitu vyake akaondoka, mimi nikadhani wiki moja atarudi, maana ana kiburi lakini hana mahali pa kukiweka. Wiki ikawa mwezi. Halafu wimbo ukapanda, kila mtu ananiita, na mimi nikajisemea akiusikia atarudi mwenyewe. Uko kila mahali, Shangazi. Haiwezekani hajausikia.

Sijui anakaa wapi. Sikutaka kukuambia kabla sijampata, nilitaka nimlete nikiwa nimemshika mkono. Namtafuta. Nimeanza kumtafuta.

Na nikwambie kitu usimwambie mtu. Bosi Kofia bado anangojea nyimbo sita. Sina hata moja. Mistari ninayo, inanitoka hata nikiwa chooni, lakini mistari bila mdundo ni mtu anayejisemea njiani. Nimejaribu kutengeneza mwenyewe. Nimerekodi bomba, nimerekodi ngazi, nimerekodi mlango ule ule wa chuma. Nikisikiliza, ni sufuria zinaanguka. Yeye alikuwa akisikia kitu humo ndani. Mimi nasikia bomba.

Bosi ananiuliza kila siku kwa nini kipaji kimekauka. Namwambia kimelala, kitaamka.

Domo

10 Juni

Leo sisalimii.

Mlipishana kuhusu nini?

8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Hata kama huitaki, iko mlangoni, itakungoja.

Namtafuta kweli sasa. Nimeacha shoo mbili, Bosi amebadilisha kufuli la studio, basi siku zangu zote ni za Kimya. Nilifikiri, mtu kama yeye ataenda wapi? Sikwenda vilabuni wala kwa wanamuziki. Nimekwenda kwenye kelele. Nimeingia viwanda vya mbao, magereji, kwa wachapishaji, kwa mafundi wa bati. Nashika ile picha mliyopigwa mkiwa kwenye kamba za kuanikia, naikunja upande wako ili wamwone yeye, nauliza, umemwona huyu, hasemi sana, amebeba foronya ya hospitali ina muhuri wa bluu. Mashine yake ya midundo ameibeba humo humo, kwenye foronya uliyompa. Wengine wananitambua. Wanasema wewe si ndiye wa "Mashine ya Tatu", hebu imba kidogo. Naimba kidogo, kisha nauliza tena.

Halafu nikaona mimi ni mjinga, nikaanza kupita kwa madobi. Wa tisa akamtambua. Mzee mmoja ana mashine mbili kubwa nyuma ya nyumba ya wageni. Anasema mwezi wa kumi na mbili alikuja kijana, akamwonyesha karatasi imeandikwa, "Naomba kukaa hapa nisikilize." Akamruhusu, akadhani ni mkaguzi. Akawa anakuja, anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, hedifoni masikioni, macho amefumba. Alikaa hivyo karibu mwezi. Akawa anamsaidia kukamua. Mzee anasema hakuwahi kusikia sauti yake hata ya kukohoa.

Nikamuuliza ilikuwaje akaondoka. Akasema siku moja mke wake alileta redio. Wimbo ukapigwa, halafu mtangazaji akanitaja mimi, akasifu. Kijana akavua hedifoni, akakunja nguo alizokuwa amebakiza, akaziweka vizuri, akatoka. Ile foronya na mashine iliyomo akaviacha. Mzee amenipa. Ninavyo hapa.

Ile miezi niliyokuwa najisemea akiusikia wimbo atarudi. Ndivyo alivyousikia.

Umeuliza tulipishana kuhusu nini. Ilikuwa mambo ya mkataba. Bosi Kofia alitaka jina moja tu kwenye jalada, anasema majina mawili yanachanganya watu. Unajua wafanyabiashara walivyo.

Domo

1 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipokea ya leo na ile iliyokuwa mlangoni.

Bibi yako hainuki tena. Anamtaka Kimya. Unakumbuka walivyokuwa wakikaa wale wawili barazani, mmoja hasikii, mwingine hasemi, na mchana mzima unaisha wakiwa wameridhika? Anapapasa kiti kile pembeni yake. Namwambia kwa ishara amesafiri. Ananitazama kama ninayemsalimu kwa jina la mtu mwingine.

Uliposema ameiacha mashine yake, nilikaa chini. Mtoto yule alikuwa akilala nayo. Nimewaza mengi ambayo sitaki kuyaandika, karatasi isije ikayazoea. Sijalala usingizi wa maana tangu siku hiyo, na kazini nimeunguza mashuka mawili, mimi, ambaye nawafundisha wengine.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda kituo cha polisi kuandikisha kwamba amepotea. Askari alikuwa kijana wa rika lenu, hakuwa mbaya. Akaniambia, "Mama, huyu ni mtu mzima. Watu wazima huhama." Nikamwambia wangu hahami bila kuniandikia. Akanipa fomu. Urefu, nimejaza. Alama mwilini, nimejaza lile kovu la pasi kwenye kiwiko. Nguo, nimeacha. Aliyemwona mwisho, nimeweka mzee dobi. Halafu kuna mstari umeandikwa: sababu ya kuondoka nyumbani. Askari akasema huo ndio unaoamua. Kama ni ugomvi wa kawaida au mambo ya kazi, faili linawekwa kabatini kwa sababu mtu atarudi hasira zikiisha. Kama aliondoka amevunjika moyo kiasi cha kujidhuru, wanatuma taarifa vituo vyote na hospitali zote, siku hiyo hiyo.

Nikauangalia mstari ule, sikuwa na la kuandika. Mimi sikuwepo. Nimeambiwa "tulipishana kidogo", kisha nikaambiwa "mkataba". Mwanangu Kimya hajui hata mkataba ni nini. Ungempa asaini mlango angesaini. Jina kwenye jalada haliwezi kumnyamazisha mtu yule mpaka kwenye karatasi.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minne, nikakuchukua, nikawalaza kitanda kimoja. Sijawahi kukuita mtoto wa kaka. Kwa hiyo sikuulizi kama mtu anayetafuta wa kumlaumu. Fomu iko mezani, na sahani juu yake isipeperuke. Askari amesema atanisubiri.

Niambie niandike nini.

Shangazi yako

16 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Mwambie Bibi, kwa ishara au kwa vyovyote, namuomba asubiri.

Nimeandika barua hii mara tano. Nne za kwanza zilikuwa na utani. Nimezichana.

Ilikuwa siku ya kwanza tulipoitwa redioni, mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi. Wimbo ulikuwa bado haujulikani. Kimya aliamka mapema, nikamkuta kwenye kile kioo chetu kilichopasuka, anajifunza sentensi moja. Anaisema polepole, anapumua, anarudia. "Midundo natengeneza mimi, nilijifunza kazini kwa mama." Hiyo tu. Alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima kumbe, mimi nikiwa nje najisifu. Akanigeukia, akaniambia, na ilimchukua muda mrefu kuniambia, "Domo, leo usinisaidie. Hata nikikwama. Niache niseme mwenyewe, mama anaweza kusikia." Nikamwambia sawa. Nikampa mkono kabisa.

Unajua maisha yote nimemjibia. Dukani, shuleni, hospitalini kwa daktari akiulizwa anaumwa wapi. Wewe ndiye uliyenituma. Nataka nijifiche hapo na nimejificha miezi tisa. Lakini hapo hapafichi mtu.

Tulikaa meza ya duara, kila mtu na kipaza sauti chake. Mtangazaji alikuwa dada mpole. Nikaongea, nikachekesha, akafurahi. Halafu akamgeukia yeye, akamuuliza taratibu, "Na hii midundo ya ajabu, anaitengeneza nani?" Kimya akasogea mbele. Akafungua mdomo. Neno likakwama, kama kawaida. Shingo ikamsimama. Redio ikawa kimya, Shangazi, kimya cha hewani, hujawahi kusikia kitu kirefu kama hicho. Dada akaangalia saa ya ukutani, kisha akaniangalia mimi. Kimya naye akaniangalia. Hakuwa anaomba msaada. Alikuwa ananikumbusha.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kumsaidia vibaya, nikasema "yeye". Neno moja, hata mlevi analiweza. Lakini yule dada alikuwa amesema midundo ya ajabu, na mimi nilikuwa nimekaa hapo nimesifiwa kwa kila kitu isipokuwa hicho, na nilikitaka. Nikasema, "Natengeneza mimi. Nilijifunza kwa shangazi yangu."

Hata wewe nilikuchukua, mama yake.

Yeye akafunga mdomo. Kipindi kilikuwa na nusu saa nyingine, nusu saa nzima ya kurekebisha, na mimi nikaeleza ninavyorekodi mashine, ninavyosikiliza mguu mbovu, kila kitu alichowahi kunieleza. Akavua hedifoni, akazitundika kwenye msumari bila kugusisha ukuta, kwa sababu vipaza sauti vilikuwa wazi na hakutaka kuniharibia. Akatoka. Nilimwona akitoka. Sikuinuka. Niliporudi chumbani, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na foronya haipo, na yeye ambaye kwenye karatasi hana kigugumizi hakuwa ameniachia hata herufi moja.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bosi Kofia na redioni nikawaambia midundo ni ya Kimya. Hawakuamini, wakadhani natafuta habari. Nitarudi kesho.

Shangazi, ule mstari usiandike ugomvi. Usiandike mkataba. Waambie watume vituo vyote na hospitali zote, waambie leo hii, na andika kwa kalamu ya wino: aliniomba nimwache aseme mwenyewe, nikampa mkono. Akaulizwa kazi yake ni ya nani, nikasema ni yangu.